Nimepumua Chini ya Ziwa

Katonga, Kigoma

Kwako binti yangu Dorotea,

Mimi baba yako nina miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili, mitumbwi mitatu imeoza mbele ya macho yangu, na waliosema ziwa litanimeza wamekufa wao, tena vitandani.

Shangazi yako Scola wa Mwandiga anakusalimu, mbuzi wake kazaa mapacha.

Sasa sikia. Ulisema ziwa si la mzee, utakuja kunichukua nikakae kwako Dodoma. Mimi nimefaulu kuzamia kwa mtungi wa hewa, mara zote nne, na cheti ninacho. Sihami.

Mwalimu wangu ni Elinipa, binti wa Kichaga. Mara ya kwanza alinifelisha, nikairudia nikafaulu. Sisi wavuvi tukishuka kunasua nyavu tunabana pumzi, na Katonga nzima hakuna wa kunishinda kubana. Akasema, "Mzee, ukiwa na mtungi ukabana pumzi, ukipanda mapafu yanapasuka. Pumua." Nikamwambia nimeanza kuzamia kabla mama yake hajaolewa. "Basi pumua, babu wa mama," akasema.

Mara ya nne tulishuka pale ulipozama mtumbwi wa kaka yako Gasper. Nilipachagua mimi. Kuna mchanga na samaki kuhe wawili, basi. Pumzi ikataka kujibana. Nikapumua, mpaka juu.

Usiponiamini muulize Elinipa, na Agnesi muuza dagaa aliyenipokea ufukweni. Huyo atakwambia nilikaa nikitazama maji mpaka jua likazama. Hilo nalo ni kweli.

Baba yako,
Fabian