Uyoga wa Genge la Tai

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Kaka Maolin karudi toka hospitali. Ini. Kakonda, suruali kaifunga kwa kamba. Wageni wamejaa kumjulia hali, nikawasimulia uyoga wangu – ule lingzhi, uyoga wa dawa, wa kabatini, mpana kama beseni. Nilivyoning'inia kwenye mwamba wa Genge la Tai, nyoka wawili wanaulinda, mmoja nikamkaba shingo! Siku zote nyoka huwa wawili; leo mwishoni nikasema watatu. Watu wakacheka. Kaka ananiangalia tu.

Jumanne, 5 Novemba
Nimekula tambi. Basi.

Jumatano, 6 Novemba
Shemeji Guizhen kaja na mayai, kayashika kwa mikono miwili. Tangu lini ananiheshimu hivyo? Dawa za hospitali kaka anameza, lakini anataka na uyoga wa genge achemshiwe. Si wa mahema ya plastiki kama ninaolima mimi. Wa porini. Nikasema ule ni ukumbusho.

"Shemeji, ndugu unaye mmoja tu, na wewe unafungia uyoga kabatini uutazame?"

Mimi, msemaji wa kijiji kizima, nikafungua kabati. Nikampa.

Haya, hapa naandika. Genge sijapanda. Hata ngazi naiogopa. Uliota hemani kwangu, kwenye gogo, mwaka ule wa mvua nyingi. Nikaupaka vanishi mara tatu, kama tunavyopaka wote wa mapambo. Vanishi ya milango.

Nilidhani nitajisikia vibaya. Sihisi kitu. Kama shavu lililopigwa ganzi ya jino.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekwenda kwao kusema ukweli. Nakuta shemeji anaukata kwa msumeno, jasho linamtoka – anasema wa porini kweli huu, mgumu! Binti yao Qiuyan kainua kipande.

"Baba mdogo, mbona unang'aa hivi?"

Mdomo ukajibu wenyewe: wa genge hunywa umande wa mawinguni.

Kaka akauliza toka kitandani, "Nyoka walikuwa wangapi, mdogo wangu?"

"Wanne."

Akacheka! Mara ya kwanza tangu arudi. Nikaaga. Nyumbani nikamenya vitunguu saumu, vingi, sijui vya nini.

Ijumaa, 8 Novemba
Machicha ya dawa yamemwagwa njiani mbele ya mlango wao, wapita njia wayakanyage waondoke na ugonjwa. Yanang'aa bado. Nikaokota kipande. Kinanuka mlango mpya.

"Baba mdogo, usiokote! Kanyaga!" Qiuyan huyo.

Nikakanyaga. Anasema harufu ilikuwa kali, lakini baba kamaliza bakuli zima, kalala vizuri, kaamka kaomba uji. Tumbo linamuuma kidogo – dawa inafanya kazi, anasema mama.

Nimekaa kizingitini kwao na daftari langu. Bakuli la pili limeshapoa. Kaka ananiita niingie nimsimulie, eti bila hadithi ya genge haliteremki. Namwona toka hapa. Kalishika kwa mikono miwili, hanywi. Ananingoja mimi nianze –