Mpira Nilioutoa Nje

Jumapili, mwezi wa tatu, 1999. Ilembo, Mpanda.

Mvua inapiga bati tangu mchana. Mke wangu ameacha kuniuliza kama nitakula. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo nimefungwa fainali ya gemu.

Wacheke wanaotaka kucheka. Mtu mzima, niliyekuwa beki wa kati wa timu ya wilaya mpaka goti likakataa, nimevimba kwa ajili ya watu wadogo ndani ya televisheni. Hawajui ilivyo kupita pembeni ya uwanja miaka yote hii bila mtu kukuita uingie. Kwenye kibanda cha gemu cha Shabani, pale karibu na stesheni, jenereta likiwaka na pedi ya kuchezea iko mkononi, hakuna anayeuliza habari za goti. Nilianza kwa kufungwa na kila mtu, hata watoto wa shule. Nikang'ang'ana. Na mshindi wa leo ndiye atakayepanda treni kwenda Tabora kushindana na vibanda vya huko, kwa jina la Mpanda.

Kuichezea Mpanda. Nilishajua hilo limekwisha maishani mwangu.

Fainali nikapangwa na Gervas. Huyu ndiye aliyekuwa beki wa kushoto, pembeni yangu, misimu yote niliyocheza. Tuko sare, muda unakwisha, mchezaji wake akagongwa akalala chini, ameshika mguu. Mpira ninao mimi, na goli lake liko wazi. Nikautoa nje. Sikufikiri hata kidogo, kidole kilikwenda chenyewe. Ndivyo tulivyolelewa uwanjani: mtu ameumia, toa mpira, wenzake watakurudishia.

Gervas akarusha haraka, akakimbia nao, akafunga.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Watoto sina neno nao, hawajui. Gervas anajua. Siku goti langu lilipovunjika, yeye ndiye aliyekuwa anapunga mikono na kuwapigia kelele wapinzani watoe mpira. Nilimtazama nikitegemea angalau aone haya. Akaweka pedi chini taratibu.

"Kaka, pale hakuna aliyeumia," akasema. "Ile ni TV."

Nikaondoka na mvua hiyo hiyo. Ningebaki ningempiga.

Kinachonichoma ni kwamba hakusema uongo. Yule mchezaji wake aliinuka hata kabla mpira haujarushwa, mzima kabisa, akaanza kukimbia. Nimepoteza Tabora kwa kumhurumia mtu asiye na mguu wa kuumia.

Lakini mimi sikumtolea yule wa kwenye TV. Nilimtolea Gervas.

Jioni hii Shabani amekuja na mwavuli wake. Anasema watu wazima waliokuwepo wamelalamika sana, kwa hiyo kesho mchana tunarudia fainali. Ila ameniomba, kwa heshima zote, mambo ya uwanjani niyaache uwanjani. Nimemwitikia tu. Gervas naye amekubali bila ubishi, eti hana wasiwasi na mimi, ananijua.

Hana wasiwasi. Hilo neno linanizunguka kichwani tangu Shabani aondoke.

Kesho nitakwenda. Mtu wake akilala tena mbele yangu na goli liko wazi, nitautoa mpira nje, au nitafunga?

Leo asubuhi ningejibu bila kufikiri.