Baba Asikie Nini

4 Machi

Kifungua mimba wangu,
Kituoni hamjambo? Hapa tu wazima, kasoro baba yako. Kiharusi kimemfunga ulimi, ila masikio na akili vipo. Daktari kasema nijiandae. Najua huko simu hakuna, wala huruhusiwi kuondoka kabla hujapokewa zamu, basi ongea naye kwa ile redio uliyoiunda mwenyewe. Fundi wa redio ameshaiamsha ya baba yako. Na mtaa mzima nimeutangazia: Jumapili ya tarehe 23, jioni, binti yangu hewani! Fundi cherehani akacheka, nikamwambia, “Wewe zaa wako kwanza.”
Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,
Pole kwa kuuguza. Mimi mzima, roho tu haitulii. Amplifaya yangu, kile kikuza nguvu cha redio, ina valvu moja, nayo imechoka. Nikiipanga ifanye kazi kwa daraja C, inapata kupumzika, inasukuma kwa nguvu; nitawafikia. Lakini C inararua sauti ya mtu, inafaa nukta na vistari tu, mlio mfupi na mrefu. Kuongea kunataka daraja AB, na hapo valvu inachemka, nguvu inapungua. Huenda msisikie kitu. Baba kazeekea kwenye simu za upepo, akituma na kupokea nukta hizo. Nukta kwake ni maneno. Niruhusu nitumie C.
Mwanao

13 Machi

Mwanangu,
Marahaba, na Mungu akutunze. Nukta? Nialike watu waje kusikiliza tii-tii ya kifaranga kilichopotelewa na mama? Wewe uliyesoma ukashindwa na valvu! Weka hiyo AB. Baba yako naye anataka sauti. Sijamuuliza, lakini mume wangu namjua.
Mama yako

17 Machi

Shikamoo mama,
Haya. Nimeshabadilisha. Mwekeeni redio karibu na sikio.
Mwanao

26 Machi

Mwanangu,
Umeamkaje? Mimi napumua tu.
Jumapili nyumba ilifurika. Redio ikakoroma, ikakoroma. Nikapaza sauti, “Ndiye huyo! Mwanangu huyo!” Wakapiga makofi. Baba yako akanikazia macho. Kisha akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa kidole, mara kwa kukatisha, mara kwa kukandamiza, akarudia na kurudia, mpaka wageni wakaaga.
Alfajiri ya jana katutoka. Tumeshamzika.
Watu wananisifia sauti yako, nami naitikia ahsante.
Niandikie, mama. Niambie ulimwambia nini. Na mimi nikwambie alichogonga: kifupi, kirefu, kifupi, kifupi... hapo katikati pamenitoka. Hicho kidogo kinasema nini?
Mama yako

8 Juni

Mwanangu,
U mzima? Barua yako siioni, na karani wa posta anasema zangu zote zilifika.
Mama yako