Kichaka cha Kivulini

Jumatatu, 12 Aprili 1954
Nimeuhamisha mti wangu. Uani jua limeubabua majani yote – mti wa msituni hautaki jua, kichwa changu kigumu! Sasa uko nyuma ya jiko, chini ya migomba. Hudson kacheka. Mume gani huyu, anamcheka mgonjwa! Nilipouchimba kule msitu wa mtoni sikujua jina lake, nilipenda tu majani yanavyong'aa gizani. Nimeuliza kijiji kizima cha Idsowe. Hakuna ajuaye.

Alhamisi, 3 Juni 1954
Majani mapya! Mawili, yametazamana. Nimepiga vigelegele peke yangu.

Jumatano, 20 Aprili 1955
Maua! Mvua ya juzi, na leo matawi meupe, harufu kama asmini. Nikamwita Mama mkwe aje anuse. Hakunusa. Kasema ndio mti uliomuua mbuzi wa jirani yetu Kaviha, na kama nataka kuua watoto wa watu, niseme. Ung'olewe! Hudson akashika jembe. Nikasimama mbele ya shina. Nikawaambia, haujazaa bado, hiyo sumu mmeionja wapi? Hudson akashusha jembe. Kisha Mama mkwe: haya, uzae, lakini ukizaa sumu utaung'oa kwa meno.

Ijumaa, 13 Januari 1956
Qabale, yule Muorma anayetuletea maziwa tumpe mahindi, kapita nyuma ya jiko. Kaona matunda mekundu – nusura kibuyu kimponyoke. "Gladys! Hii buna!" Nikasema si kahawa, ya dukani ni kubwa. Kafungua fundo la leso, katoa buna zake kavu za soko la Garsen. Tukapasua moja moja. Mbegu mbili, zimelaliana kifua kwa kifua, kila moja na mfuo wake. Zangu ndogo, lakini ndugu ni ndugu. Kahawa ya mwitu! Kwetu, siku zote hizi!

Qabale akazikaanga kwa samli, akatafuna yeye kwanza. Mama mkwe akamkodolea macho, akingoja afe. Hakufa. Mama mkwe akanyoosha kiganja.

Akatafuna. Akasema, "Mwanangu, una macho." Mwanangu! Tangu niolewe hajaniita hivyo. Nimeingia ndani nikalia – kwa raha.

Jumamosi, 14 Januari 1956
Hudson na wenzake wanafyeka ukingo wa msitu. Jumatatu wanatia moto, wapate shamba. Ndiko nilikoutoa! Nimekwenda kuangalia: iko mingine, mingi, kivulini, imejaa matunda. Nikamwambia Hudson. Kasema mahindi ndiyo chakula, buna ni kiburudisho. Si uongo pia. Lakini upande wa pili wa msitu vichaka vitupu viko, bila buna, wafyeke huko! Hataki kurudia kazi. Mama mkwe alikuwa akipembua mchele. Akaacha ungo, akasikiliza.

Jumatatu, 16 Januari 1956
Alfajiri. Kitanda cha Mama mkwe kitupu. Kigoda chake hakipo. Kaviha kasimama mlangoni, anasema kakutana naye njia ya msituni, kigoda kichwani. Kamuuliza, Mama, wapi mapema hivi? "Nakwenda kukaa kivulini. Mwambie mwanangu alete moto wake."

Hudson kaweka kiberiti mezani. Kajikuna kichwa. Ananitazama – mimi naandika tu, nacheka ndani kwa ndani. Sasa kasimama, kashika panga, anauliza huo upande wa pili uko wapi –