Kwa Doto, Pacha Nisiyefanana Naye

Doto wangu,

Wewe na salamu hamkuwa na urafiki, kwa hiyo naziruka.

Leo nimeikumbuka dawa ya mwarobaini ya bibi. Ulikuwa umefika umri wa kwenda shule na bado huongei na watu, tena mvua ikipiga bati pale nyumbani kwetu Mabatini unaingia chini ya kitanda, mikono masikioni. Bibi akaamua utibiwe. Na kwetu pacha hatibiwi peke yake: anachokunywa Doto, Kulwa naye anywe. Ukainywa yote kimya, unaangalia ukuta. Mimi ambaye sikuwa na shida, mdomo haufungiki kutwa, ndiye niliyetapika mpaka jirani akaja. Ulivyocheka siku ile, wee! Nilikupenda ukicheka.

Mama naye alitushonea magauni ya kitambaa kimoja. La kwako ulilivua njiani kwa sababu mshono ulikuwasha. Walidhani wakitufananisha tutafanana. Darasa la pili mwalimu akachoka na wewe, akasema urudi nyumbani kwanza mpaka utulie. Hukurudi tena shuleni. Homa ilipokuchukua ukubwani, hata jina lako ulikuwa hujui kuliandika, na hilo linaniuma hadi leo.

Sasa sikia. Neema, mwanangu ambaye hukumwona, ni wewe mtupu. Mwezi uliopita mwalimu wake hapa Pasiansi aliniita, akaniambia nikae naye nyumbani kwanza mpaka atulie. Maneno yaleyale, Doto. Mama mkwe akataka tutafute dawa. Mimi nikampeleka hospitali. Daktari akanieleza kwamba wanaochunguza ubongo wanaona hakuna watu wawili wenye ubongo ulio sawa, hata pacha; kelele ile ile mmoja inampita, mwingine inamchoma.

"Ubongo wa mtoto haujaharibika, mama," akasema. "Ni wake."

Nililia palepale, na nilikuwa nakulilia wewe.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu, nikakaa ofisini kwake hadi tukaelewana. Neema sasa anakaa karibu na mlango, na kengele ikikaribia kugongwa anatoka kabla ya wenzake, kelele isimchome. Jumatatu alirudi mchana, sare imejaa chaki. Nikamuuliza leo umefanya nini shuleni.

"Nilikaa mpaka mwisho," akasema.

Pumzika, mwenzangu wa tumboni.

Kulwa, pacha wako