Sauti ya Nne

Parokiani, Mbeya
21 Agosti 1977

Kwa dada yangu mpendwa Kalista,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Budeba na watoto wote, na mama kabla yenu nyote. Nafikiri barua hii itawakuta mnamalizia kuchuma pamba. Mguu wa mama unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa hashiki mimba, mmemuuza au bado mnamvumilia? Nimefurahi kusikia Roza amejifungua salama, ila hukuniambia mtoto amepewa jina la nani. Mimi huku nakula na nalala. Baridi ya Mbeya bado haijatuacha, asubuhi tunaingia kazini tumejifunga blanketi juu ya makoti kama wagonjwa.

Umenilaumu kwamba nimekaa kimya tangu Pasaka. Una haki. Shule yangu unaijua iliishia wapi, kalamu kwangu ni nzito kuliko gunia. Lakini leo ni Jumapili, nimekaa peke yangu kwenye ukumbi wa kanisa na nina habari ndefu. Ni habari ya mashine niliyokabidhiwa, na ya mama mmoja anaitwa Apolonia, ambaye nusura aondolewe kwenye kwaya yetu kwa kosa lisilo lake.

Kazi ya kuvunja mawe niliiacha, sasa napakia magunia ghalani. Inachosha, dada, sitakudanganya. Jioni nikirudi nahesabu mifupa yangu kama imerudi yote. Kinachonishikilia hapa ni kwaya. Mwaka jana nilipolala na homa, hakuna mtu wa kwetu aliyejua nimelala nyumba gani, wanakwaya ndio waliokuja. Apolonia ni mjane kutoka Igowole, anauza viazi vya kuchemsha stendi. Aliniletea uji, na nilipoukataa alinifokea, akasema kwao mwanaume anayekataa uji huzikwa na njaa yake na hakuna anayemlilia. Nikanywa. Naye hapa hana ndugu. Kwetu sisi wawili kutolewa kwaya ni kama kutolewa kwenye ukoo.

Sasa mashine. Mwezi wa sita padre alinunua rekoda kwa fundi mmoja wa Iringa, Mzee Matano, mtu wa asili ya pwani aliyezeekea huku bara na bado analalamikia baridi. Si rekoda kama zile unazozijua. Ina magurudumu mawili makubwa kama sahani za pilau, na katika tepu moja kuna njia nne zinazokwenda sambamba bila kugusana. Kila njia ina maikrofoni yake, mshale wake na swichi yake. Na sisi tunaimba sauti nne: wanawake sauti ya kwanza na ya pili, wanaume ya tatu na ya nne. Mwalimu Liberatus, kiongozi wetu wa kwaya, aliposikia hivyo alisema mashine hii ilizaliwa kwa ajili yetu, ikapotea njia kidogo tu kabla ya kufika.

Mzee Matano aliuliza nani ataitunza. Vijana wote waliisogelea, kila mmoja akizungusha kitu chake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, mikono mgongoni, kwa sababu ndimi niliyeibeba kutoka kwenye gari na mikono ilikuwa bado inaniuma. Mzee akasema huyu asiyeshika kitu ndiye nitakayemwachia. Watu walicheka sana kwamba mchukuzi wa magunia amefanywa fundi wa sauti.

Alinifundisha kwa uvumilivu. Kabla ya kazi unafuta kwa pamba na spiriti pale tepu inapopita, maana uchafu mdogo tu huziba sauti. Unapitisha tepu kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia bila kuikunja. Unamwambia kila mmoja aimbe mstari mmoja huku unaangalia mshale wake. Mshale ucheze, lakini usilale kwenye nyekundu, maana sauti ikishapasuka haishoneki tena. Swichi ya njia ikiwa juu inanasa, ikiwa chini inasikilizisha tu, na ukisahau kuishusha unaweza kufuta sauti ya mwenzako huku unatabasamu. Baadaye unaweza kuifungua njia moja na kuzifunga nyingine, ukasikia sauti moja tu imesimama uchi. Mwisho alinionya nisiwasikilize waimbaji, kwa sababu kila mwimbaji akisikia sauti yake mara ya kwanza husema mashine ni mbovu.

Tulinasa wimbo wa jubilei ya parokia, ambao tepu yake ingepelekwa redioni. Tulitundika mablanketi madirishani kuzuia upepo na kelele za malori. Mimi naimba sauti ya nne, kwa hiyo nilisimama mahali pangu pa siku zote, mwisho wa mstari upande wa kulia, karibu na ukuta, nikaiweka rekoda kwenye meza pembeni yangu ili niiwashe na kuendelea kuimba.

Tulipousikiliza kwenye spika kubwa, ubeti wa kwanza watu walipiga vigelegele. Ubeti wa pili vigelegele vikakoma. Kulikuwa na kitu kinauvuta wimbo chini, na kufika mwisho wimbo ulikuwa nusu mlimani, nusu bondeni. Mwalimu Liberatus aliuliza ni nani. Tusekile wa sauti ya kwanza, mdomo wake unakata kuliko panga, akasema bila kumtazama mtu kwamba waliozoea kuita abiria wale viazi, koo hilo waliache huko huko stendi. Watu wakacheka. Apolonia alijibu kwamba yeye angalau akiita watu hugeuka, wengine wakiimba hata mbwa hageuki. Wakacheka zaidi, lakini mimi nilimwona anavyoikunja na kuikunjua kona ya kanga yake.

Mwalimu akasema hapana haja ya kugombana, mashine itaamua. Jumamosi ifuatayo mimi nifungue sauti moja moja mbele ya wote, na atakayeonekana anaharibu atapumzika. Kila mtu kwenye kwaya yetu anajua maana ya kupumzika. Aliyepumzishwa mara ya mwisho hajaitwa hadi leo.

Katikati ya juma nilikwenda ukumbini baada ya kazi ili nijizoeze, nisije nikababaika mbele ya watu. Nilivaa hedifoni, zile spika ndogo za masikioni. Upande wa kushoto ulikuwa hautoi kitu. Nikautikisa waya, nikapuliza, wapi. Nikaendelea na upande wa kulia. Nilifungua kwanza sauti ya pili, na huko Apolonia alikuwa anaimba safi kabisa, hata pale wenzake walipoyumba yeye alisimama. Ya kwanza nzuri. Ya tatu nzuri. Nikafungua ya nne, nikasikia mwanaume mmoja anaburura wimbo kama anavuta gunia lililolowa. Nikasema moyoni, huyu ni nani, na kwa nini hatujamwambia siku zote hizi? Nikairudisha tepu nyuma, nikasikiliza tena, na alivyokuwa anatamka maneno nikajua ni mtu wa kwetu. Dada, katika kwaya ile mtu wa kwetu ni mmoja tu.

Nikafanya kile kile Mzee Matano alichosema. Nikasema mashine ni mbovu. Si hata upande mmoja wa hedifoni umekufa? Nilimwendea Mwalimu, nikamwambia chombo hiki hakiaminiki, tusimhukumu mtu nacho, niruhusu nizipeleke hedifoni Iringa. Akakubali, na kesi ikaahirishwa. Habari ya sauti ya nne sikumwambia. Siku ya mazoezi Apolonia alikuja kama kawaida, akakaa benchi la nyuma, akaimba midomo imefungwa. Nilimwona. Na kesho yake nikapanda lori.

Njiani, pale Nyololo, tulisimama kunywa chai, baridi imekaza, nimepakata hedifoni chini ya koti kama mtoto mchanga. Iringa nilimkuta Mzee Matano dukani kwake, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Alizivaa hedifoni, akayumbisha kichwa, akasema zinaimba pande zote mbili kama nyumba ya harusi. Nikazivaa mimi, kushoto kimya. Akazichukua, akafuta plagi, akazivaa, zikaimba. Tukabishana hivyo kwa muda, yeye akinitania kwamba labda huko Mbeya wameniloga, nizungushe kichwa mara saba nirudi nyumbani.

Halafu akaacha utani. Alinivisha mwenyewe, lakini aliugeuza upande wa kushoto ukaja sikio la kulia. Ule upande niliousema umekufa ukaimba vizuri kabisa. Na sikio la kushoto, ambako sasa kulikuwa na upande mzima, hakukuwa na kitu. Alivua saa yake, akaniwekea sikio la kushoto, akaniuliza kwa mkono. Nilidhani saa imesimama. Akaihamishia kulia, ikaanza kugonga. Mzee akavuta kigoda, akakaa upande wangu wa kulia, akasema taratibu, mwanangu, hedifoni hizi hazina ugonjwa.

Hili ndilo nililotaka ulijue, dada. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa. Mwaka wa kwanza kwenye mawe, baruti ililipuka kabla hatujafika mbali, nami nilikuwa nimeipa ubavu wa kushoto. Sikio lililia kama panzi, kisha likanyamaza, nikafikiri limepona. Kumbe lilinyamaza moja kwa moja. Sikuwaandikia wakati ule kwa sababu nilijiona mzima. Daktari wa Iringa alilichungulia kwa taa, akaniambia mshipa wa ndani umekufa, hakuna dawa, ila la kulia ni zima na nilitunze. Nikaelewa na habari ya kwaya. Miaka yote hii nasimama mwisho wa mstari, wenzangu wote wako kushoto kwangu, kulia kuna ukuta. Nilikuwa naimba na ukuta.

Njia nzima ya kurudi niliwaza. Kulikuwa na namna rahisi. Ningepandisha swichi ya njia ya nne, nikaifuta, nikasema nimekosea kama mgeni wa mashine. Sauti tatu zilizobaki ni safi, Apolonia angeachiliwa, na mimi nisingejulikana. Lakini tungeimba tena, na ningeuvuta wimbo tena, na wangemtafuta mtu tena.

Jumamosi baada ya kurudi nilifungua sauti zote mbele ya wote. Ilipofika ya nne sikusubiri kuulizwa. Nikasema huyu anayeshuka ni mimi, na sikio langu moja limekufa. Tusekile alicheka akidhani ni mzaha, kisha akajifunika mdomo. Apolonia alisimama. Aliniuliza kama nilijua kabla ya kwenda Iringa. Nikajibu sauti niliijua kuwa ni yangu, sikio sikulijua. Akasema, basi uliniacha kwenye benchi midomo imefungwa, wewe ukaenda kuitibu mashine. Akachukua kanga yake akatoka.

Mwalimu Liberatus ni mtu wa neno lake. Alisema ameahidi mbele ya wote, kwa hiyo nipumzike, nibaki na mashine tu. Nikakubali. Lakini nakuambia ukweli, nilipofika chumbani nililia, na sikuwa nimelia tangu tumzike baba.

Mazoezi yaliyofuata walipanga mstari, mimi nikabaki mezani na waya zangu. Mwalimu alipoinua mkono, Apolonia akasema, akimwambia Mwalimu na si mimi, kwamba huyu mtu hakukosa sauti, amekosa mahali pa kusimama. Apelekwe mwisho wa pili, sisi sote tuwe kwenye sikio lake zima. Mwalimu akasema huko atakuwa ubavuni mwa wanawake wa sauti ya pili. Apolonia akajibu kwamba hao wanawake wana meno, waachwe wajilinde. Kwaya nzima ikaangua kicheko, na Mwalimu naye akashindwa. Apolonia akanivuta kwa shati hadi mahali penyewe. Hata salamu hakunipa.

Tulinasa upya Jumamosi iliyopita. Nilipofungua sauti ya nne peke yake, haikushuka. Nikafungua ya pili ili niisafishe. Nilikuwa nimekwisha kufuta kikohozi cha mtu mwanzoni mwa ya kwanza na jogoo aliyeingia kwenye ya tatu. Kwenye ya pili, kabla wimbo haujaanza, nikasikia mtu anaguna taratibu, chini sana, koo la mwanamke linashuka hadi linakwaruza. Ni Apolonia. Alikuwa ananipa sauti yangu ya kuanzia, kwenye sikio langu la kulia. Wakati tunaimba niliipokea bila kujua imetoka wapi.

Mwalimu alisikia, akasema ni uchafu, nifute. Ni kazi ndogo, unarudisha tepu, unapandisha swichi, basi. Nikamwambia Mwalimu, hiki sifuti, kama hutaki mtafute mwingine aje akifute. Akasema tepu iende hivyo hivyo. Imeshapelekwa kwa Mzee Matano ili ainakili kwa ajili ya redio.

Dada, mama umwambie polepole, na usimwambie kwamba mwanawe ni kiziwi. Sema sikio moja. Nikija mwezi wa kumi na mbili mniweke mkeka upande ambao nyote mtakuwa kulia kwangu, na anayeniita kwa kushoto nikapita, asiseme nimepata kiburi cha mjini. Nisalimie Helena na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde hadi tutakapoonana uso kwa uso.

Na Jumapili moja asubuhi mkisikia redioni kwaya ya Mbeya, usiongee kwanza, nyamazisha na watoto. Mwanzoni kabisa kuna mama anaguna. Huyo ndiye Apolonia. Anayemjibu ni mimi.

Mdogo wako,
Nkuba