Mtamba wa Mjomba Benon

Jumapili, 6 Julai 2025

Mama kampigia simu kaka yake, Mjomba Benon, mkubwa wa utawala kwenye chuo cha ukunga nilichoomba nafasi. Hakuzunguka. Kamkumbusha ng'ombe aliyepewa na Baba mwaka ule watoto wake walipokosa maziwa. Simu ilikuwa kwenye spika, tukamsikia akiapa: Conrad yampaye inka! Yaani kaapa kwa Baba, Conrad, aliyempa ng'ombe — kwetu hakuna kiapo kinachopita hicho. Eti ataongea nao, mimi nitulie tu.

Nimetulia kweli! Vitabu nimeshavifungasha. Ya nini kukesha?

Jumatano, 16 Julai

Usaili. Foleni ya magari kwenye njia panda ya Sonatubes ilinitoa jasho, lakini niliingia kwa maringo. Wasaili watatu. Kabla hawajauliza kitu nikajitapa: mimi ni mtoto wa dada yake Benon. Wakatazamana. Mama mmoja wa miwani akasema, kwa upole kabisa, kwamba Benon aliacha kazi pale Januari.

Januari!

Aibu! Masikio yaliwaka. Halafu hasira. Wakaniuliza nitafanya nini mzazi akivuja damu na daktari yuko mbali. Nikamwaga yote niliyosoma, na niliyoyaona usiku Shangazi Illuminée alipojifungulia kwetu Masaka tukisubiri ambulensi. Wakauliza tena, nikajibu tena. Yule wa miwani akaweka kalamu chini, akawa ananisikiliza tu.

Nyumbani nimenyamaza. Baba akijua, patachimbika. Kwanza majibu.

Ijumaa, 1 Agosti

NIMEPATA! Nimepata mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe! Nimecheza uani mpaka Gaju, mtamba wetu, kaacha majani kunishangaa. Mkunga Kaliza! Nani kama mimi leo?

Nikakimbilia ndani kusema ukweli wote. Mama alikuwa tayari kwenye simu, analia kwa furaha: asante Benon, wewe ndiyo ndugu. Na Mjomba kaitikia. Kaitikia!

Jumapili, 3 Agosti

Nyumba imejaa. Nimejifungia chumbani, nachungulia kwenye ufa wa mlango. Mjomba kakalia kiti cha Baba, anapokea asante za ukoo mzima. Asante zangu hizo! Sasa hivi Baba kasimama, kasema wema haulipwi kwa maneno: anampa Gaju. Gaju, niliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa! Watu wakashangilia. Mjomba kainamisha kichwa tu.

Mama anaita kutoka sebuleni. "Kaliza we! Njoo umshukuru mjomba wako mbele ya watu!"

Nimejibu nakuja. Wala siogopi. Nafasi ni yangu, hakuna wa kuninyang'anya.

Mlango unagongwa, taratibu. Si Mama — Mama hagongi. Ni Mjomba.

"Mwanangu," ananong'ona. "Siku ile ya usaili... jina langu ulilitaja?"

Nimesema ndiyo.

Sasa anajua kwamba najua. Hajaondoka, naona viatu vyake chini ya mlango. Sebuleni wanapiga makofi, wanatuita wote wawili.